Kilo Kwanza, Vitanda Baadaye

Muuza karavani wa Uingereza humpokea mteja mpya kwa swali moja kabla ya yote: mko wangapi? Wakijibu wanne, wanaonyeshwa karavani ya vitanda vinne. Wakiwa watano, wanapelekwa safu inayofuata. Vijitabu vya matangazo navyo vimepangwa vivyo hivyo, idadi ya vitanda ikiwa juu ya ukurasa na uzito ukiwa chini kwa herufi ndogo. Kwa wastaafu wawili mpangilio huo hauna madhara. Kwa familia yenye watoto wadogo inayotafuta karavani yake ya kwanza, nashikilia kwamba unapotosha, maana idadi ya vitanda haisemi lolote juu ya mambo mawili yatakayoamua kama safari zao zitakuwa salama na za raha. La kwanza ni kilo ngapi za mizigo zinaruhusiwa kuingia ndani ya karavani hiyo baada ya kutoka kiwandani. La pili ni yatakayotokea humo ndani kati ya saa moja usiku, mtoto anapolala, na saa nne, mzazi anapolala. Familia ikianza na hayo mawili, urefu, bei, umri wa karavani na hata idadi ya vitanda hupata majibu yake bila shida kubwa. Ikianza na vitanda, ni rahisi kununua chumba kizuri ambacho gari lake halistahili kukivuta, na ambamo watoto hawawezi kulala mpaka wakubwa nao wakubali kulala.

Ninazungumzia karavani ya kuvutwa, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayofungwa nyuma ya gari la kawaida na kuachwa kambini, gari likibaki huru kwa matembezi. Uingereza ni mahali pazuri pa kulichunguza suala hili kwa sababu kampuni ya Eccles ya Birmingham ilianza kuunda karavani za kuvutwa na magari tangu mwaka 1919, na leo zaidi ya nusu milioni zinatumika nchini humo. Wajerumani nao wana historia yao. Arist Dethleffs, aliyekuwa akiuza mijeledi na fimbo za kutelezea kwenye theluji, aliunda ya kwake mwaka 1931 ili mchumba wake, ambaye alikuwa mchoraji, aweze kufuatana naye katika safari zake ndefu za biashara. Chombo hiki kilizaliwa kwa haja ya watu kukaa pamoja, na haja hiyo ndiyo inayozivuta familia changa mpaka leo, zikiwemo za Waswahili waliohamia Leicester, Reading au London. Kilichobadilika karibuni ni sheria. Kuanzia tarehe 16 Desemba 2021, England, Wales na Scotland ziliruhusu kila aliyefaulu mtihani wa gari dogo tangu Januari 1997 kuvuta tela la hadi kilo 3,500 bila mtihani mwingine. Ireland ya Kaskazini haikufuata. Mlango ukafunguka kwa wazazi wengi wa rika la kulea. Lakini mtihani ulioondolewa ulikuwa unamlazimisha dereva kujifunza kurudi nyuma na tela, kulifunga na kulifungua, na kufikiria uzito. Sasa kazi hiyo imebaki mikononi mwa mnunuzi mwenyewe, na muuzaji hana sababu ya kuifanya kwa niaba yake.

Hesabu huanzia kwenye gari, kwa kuwa gari lipo tayari na familia nyingi haziwezi kununua yote mawili kwa mkupuo. Kila gari lina kikomo cha uzito linaloweza kuvuta, kilichowekwa na mtengenezaji, na kukivuka ni kosa. Kuna magari ya umeme, na hata ya kawaida, yasiyoruhusiwa kuvuta chochote, na yale ya umeme yanayoruhusiwa mara nyingi hubakiwa na takriban nusu ya mwendo wao kwa chaji moja. Juu ya kikomo hicho kuna ushauri unaotolewa siku zote na vyama vya wenye karavani na baraza la watengenezaji: dereva mgeni asivute karavani ambayo ikiwa imepakiwa inazidi asilimia 85 ya uzito wa gari lake likiwa tupu. Gari la kilo 1,500 linapata karavani ya kilo 1,275, basi. Wapo wazoefu wanaoupinga ushauri huu, na hoja yao ina nguvu kiasi: asilimia 85 si sheria, magari ya siku hizi yana vifaa vya kuzuia kuyumba, na wao wamevuta asilimia 95 miaka mingi bila balaa. Sipingi uzoefu wao. Ninachosema ni kwamba uzoefu huo mzazi mwenye karavani ya kwanza hana, na ana kitu ambacho wao hawana: mtoto wa miaka miwili kwenye kiti cha nyuma anayelia kwa sababu kikombe kimeanguka. Karavani huanza kuyumba kwa sababu ndogo, upepo wa lori linalopita, mteremko, usukani uliogeuzwa ghafla. Dawa yake ni kuondoa mguu kwenye mafuta taratibu na kuacha usukani utulie, bila kukanyaga breki kwa nguvu. Hilo linahitaji akili iliyotulia. Ile asilimia 15 iliyobaki ni nafasi ya kukosea, na mwenye watoto garini anaihitaji kuliko mtu mwingine yeyote barabarani.

Karavani yenyewe ina namba mbili ambazo mnunuzi anapaswa kuziuliza kabla ya kupanda ngazi ya mlangoni. Moja ni uzito wake inapotoka kiwandani ikiwa tayari kutumika. Nyingine ni uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa ikiwa imepakiwa. Toa ndogo kwenye kubwa, na kinachobaki ndicho cha familia. Kiwango cha Ulaya cha EN 1645-2 kinaeleza kiasi cha chini kabisa ambacho mtengenezaji lazima akiache: kilo 10 kwa kila kitanda, kilo 10 kwa kila mita ya urefu wa bodi, na kilo 30 za nyongeza. Karavani ya vitanda 4 yenye bodi ya mita 5.5 inaachiwa kwa hesabu hiyo kilo 125. Bodi ileile ikipangwa iwe na vitanda 6, inaachiwa kilo 145. Watu wawili zaidi, kilo 20 zaidi, yaani kila mgeni anayeongezwa na kile kitanda kinachosifiwa dukani anapewa kilo 10 za kila kitu chake: godoro la ziada, blanketi, nguo, viatu vya matope, sahani. Sasa tupunguze. Mota ya kusogezea karavani kambini bila gari, ambayo wengi huiona ya lazima kwa mzazi aliye peke yake huku mwenzake ameshika watoto, huwa na takriban kilo 30. Betri, ambayo mara nyingi haikuhesabiwa kwenye uzito wa kiwandani, ni zaidi ya 20. Turubai la ubavuni ni 20 kwa uchache, na la familia hufika hata 40. Katika zile kilo 125 zimebaki kama 55 za watu wanne, na hakuna sufuria iliyoingia bado. Mzazi anajua kwamba mtoto wa mwaka mmoja husafiri na mizigo mingi kuliko baba yake: kigari chake, kitanda cha kukunja, kiti cha kulia, beseni, pakiti za nepi, maziwa, na nguo mara tatu ya idadi ya siku.

Wengine hujibu kwamba mizigo mizito ipakiwe garini. Ni kweli, na ni ushauri mzuri, mpaka unapokumbuka kwamba buti la familia hiyo limeshajaa na kwamba gari nalo lina uzito wake wa juu, peke yake na pamoja na tela. Wengine husema karavani nyingi zinaweza kuongezewa kikomo kwa kubadilishiwa kibati cha uzito na mtengenezaji, kwa ada ndogo. Hilo nalo ni kweli kwa baadhi ya modeli, lakini kila kilo inayoongezwa kwenye kibati inaongezwa pia kwenye ile hesabu ya gari, na gari halijabadilika. Msomaji anayezijua mizani za Mariakani au Vigwaza, ambako malori husimama foleni kupimwa ekseli, hahitaji kuelezwa kwamba barabara haijali nia njema. Uingereza polisi na wakala wa serikali wa ukaguzi wa magari husimamisha karavani vilevile, hasa nyakati za likizo, na iliyozidi uzito hairuhusiwi kuendelea. Kwa hiyo, karavani ikishanunuliwa na kupakiwa kwa safari ya kwanza, ipelekwe kwenye mizani ya umma kabla ya kwenda popote. Nadhani hakuna matumizi ya pesa kidogo yenye faida kubwa kama hayo.

Namna ya kupakia nayo inahusiana na uchaguzi, jambo ambalo wauzaji hawaligusi. Sehemu ya uzito wa karavani hukaa juu ya kichwa cha kuungia cha gari, na inatakiwa iwe asilimia 5 hadi 7 ya uzito wote. Karavani ya kilo 1,275 inakandamiza kwa kilo 64 hadi 89, na magari mengi ya familia yanaishia 75 au 80. Ikipungua, nyuma huwa nzito na karavani hutaka kuyumba. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Bath juu ya uthabiti wa karavani umesisitiza jambo hilihili, kwamba mahali mzigo ulipo ni muhimu kama ukubwa wake. Mizigo mizito ikae chini, karibu na ekseli. Lakini karavani nyingi za familia zina vitanda vya deka nyuma kabisa, na mchana wa safari vitanda hivyo hugeuka kuwa stoo: baiskeli ndogo, mifuko ya vinyago, viti vya kukunja, kigari. Kila kimoja ni chepesi, na jumla yake inaning'inia mbali nyuma ya ekseli. Anayechagua mpangilio wa deka nyuma, ambao nitausifu hapa chini, aununue akijua kwamba deka zile zinasafiri zikiwa na mito na blanketi peke yake.

Kuna pingamizi linalotoka moyoni zaidi, na familia zetu hulitaja kabla ya mengine. Watoto wanakua, na bibi akija kutoka Mombasa au Tanga miezi mitatu, ataachwaje nyumbani? Bora vitanda sita sasa kuliko kununua mara mbili. Naiheshimu hoja hii kwa sababu msingi wake ni ukarimu. Hata hivyo gari la viti vitano lenye watoto wawili na wazazi wawili limebakiwa na nafasi moja, tena ya katikati, kati ya viti viwili vya watoto ambavyo sheria inavitaka mpaka mtoto afike miaka 12 au sentimita 135. Ndani ya karavani inayotembea hapandi mtu. Kwa hiyo kitanda cha sita hakina abiria, isipokuwa familia ina gari la viti saba, na cha tano ni cha mtu mwembamba mwenye subira. Bibi akija, chumba cha kulala cha kitambaa kinaweza kutundikwa ndani ya turubai la ubavuni, mama na watoto wakampisha mahali pa ndani palipo na joto. Ama kuhusu watoto kukua, wanakua kweli, na ndiyo sababu ya kutonunua leo karavani ya mwaka 2035. Mtoto wa miaka mitatu anahitaji kizuizi cha kitanda, choo cha karibu na giza saa moja usiku. Wa miaka kumi na mitatu anahitaji mlango wa kufunga na urefu wa mita mbili za kunyoosha miguu, na huenda asitake kuja kabisa. Karavani moja haiwezi kuwafaa wote wawili. Ya kwanza inunuliwe kwa miaka minne au mitano.

Sasa lile jambo la pili, la saa tatu za jioni. Karavani nyingi za Kiingereza zina sebule mbele, makochi mawili yanayotazamana chini ya dirisha pana. Usiku mbao huvutwa katikati, mito ikapangwa, na sebule imekuwa kitanda cha wazazi. Watoto huwekwa kwenye meza ya pembeni inayoshushwa ikawa kitanda kimoja chini na cha kukunjua juu yake, au kwenye deka za kudumu zilizojengwa nyuma na kufungwa pazia. Kwenye michoro mipangilio hii miwili ina idadi moja ya vitanda, ila jioni inakuwa nyumba mbili tofauti kabisa. Mwenye meza ya kushusha lazima amalize chakula, afute meza, aishushe, apange mito minne isiyofanana, atandike shuka, huku watoto waliochoka wamesimama kwenye njia yenye upana wa mtu mmoja. Asubuhi hakuna pa kunywea chai mpaka kitanda kivunjwe, na mtoto anayelala mchana hana mahali. Mwenye deka za kudumu anavuta pazia, basi. Kisha wazazi wanakaa mbele, taa moja ikiwaka, wakaongea. Ukweli wa safari na watoto wadogo ni kwamba likizo ya wazazi ni saa hizo chache, na mpangilio unaoziondoa umewauzia kazi ya nyumbani katika chumba kidogo zaidi. Anayekwenda Scotland mwishoni mwa Juni, ambako jua huzama karibu saa nne usiku, akague pia kama mapazia ya kukunja ya dirisha la deka yanashuka mpaka chini na kuziba mwanga, maana mengi ya karavani zilizotumika yamelegea springi.

Deka zenyewe zina sharti. Viwango vya vitanda vya deka vinaonya kwamba cha juu si cha mtoto aliye chini ya miaka sita, na sababu yake ni anguko. Familia yenye watoto wa miaka minne na miwili, kwa hiyo, imenunua kitanda kimoja tu pale nyuma. Hapa idadi ya vitanda inapotosha kwa upande wa pili: huenda familia ya wanne ikafaa kupata mpangilio ulioandikwa vitanda 5 au 6, wenye deka na meza ya pembeni, ili watoto wote wawili walale chini, mradi kilo zinakubali. Kwa mtoto mchanga suala ni sakafu. Kitanda cha kukunja cha mtoto kina takriban sentimita 105 kwa 75, na njia ya katikati ya karavani nyingi haikipokei. Wakati wa kwenda kutazama karavani, kibebwe kitanda chenyewe, kifunguliwe ndani, na mlango wa choo ujaribiwe kikiwa pale. Dakika tano hizo huondoa nusu ya karavani zilizoko uwanjani.

Mlango wa kuingilia nao ni wa kutazamwa kwa jicho la mzazi. Karavani za Ujerumani na nchi nyingine za bara, ambazo huuzwa Uingereza kwa bei ya kuvutia na mara nyingi zina deka nzuri, hujengwa kwa nchi zinazoendesha kulia. Mlango wake uko kulia. Kwenye barabara za Uingereza, karavani ikisimamishwa kando kwa dharura, mtoto anashuka upande wa magari yanayopita. Kambini haina neno. Kwa familia itakayopumzika njiani kila baada ya saa mbili, ni sababu ya kutosha ya kuiacha. Kipasha joto cha gesi cha ukutani, kilicho chini usawa wa mikono ya mtoto anayejifunza kutembea, kinahitaji kinga. Mifumo ya maji moto au hewa moto inayopita mabombani haina tatizo hilo, ingawa huongeza uzito na bei. King'ora cha gesi ya kaboni monoksidi kiwepo na kijaribiwe, na jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya turubai hata kama linaonekana limezimika.

Hapa pana swali la haki: kwa nini taabu yote hii, kama hema linatosha na linaingia kwenye buti? Kwa watoto waliovuka miaka mitano, mwezi wa Julai, hema linatosha, na ningemshauri hivyo mwenye pesa kidogo bila kusita. Karavani inajieleza kwa mwenye nepi na mwenye mtoto anayeachishwa nepi, kwa sababu ina choo mita mbili kutoka kitandani saa nane usiku, ina maji ya moto, ina friji ya maziwa, na ina kuta zinazotunza joto. Karavani iliyofikia daraja la tatu la kiwango cha EN 1645-1 inaweza kushika nyuzi 20 ndani kukiwa na baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri nje. Hata hivyo, raha hiyo ina kipimo ambacho wageni hukigundua asubuhi ya kwanza. Umeme wa kambini mara nyingi ni wa ampea 10 au 16. Ampea 10 kwa volti 230 ni wati 2,300 kwa kila kitu kwa pamoja. Birika la nyumbani la wati 3,000 linakata umeme peke yake. Na birika dogo la wati 1,000 linakata pia kama kipasha joto kimewekwa kwenye 2,000. Mzazi ashushe joto, achemshe maji ya chupa, kisha alirudishe. Mwenye kulijua hilo halimsumbui. Mtungi wa gesi uwe wa propeni, usio na shida kwenye baridi. Biuteni huacha kutoka vizuri joto linapokaribia sifuri, na usiku wa Aprili wa Kiingereza hufika huko.

Kama uzito ndio unaoamua usalama barabarani, unyevu ndio unaoamua thamani ya karavani na afya ya watakaolala humo, na hapa ningemwomba mnunuzi awe mkali kupita kiasi. Maji huingia kwenye maungio: pembe za mbele chini ya dirisha kubwa, reli ya kutundikia turubai, madirisha ya darini, taa za nyuma. Kwenye karavani zenye fremu ya mbao yanakaa ndani ya ukuta miaka, karatasi ya ukutani ikiendelea kung'aa. Kipimo cha unyevu kinachobandikwa ukutani hueleza: chini ya asilimia 15 ni salama, kati ya 15 na 20 ni ya kufuatiliwa, juu ya 20 ni ya kuulizia maswali magumu, na inayokaribia 30 iachwe. Asiye na kipimo ana vidole na pua. Afungue makabati ya pembeni na kunusa kabla ya hewa kubadilika. Abonyeze ukuta chini ya madirisha. Akanyage sakafu mbele ya jiko na mlangoni akisikiliza mlio wa kupasuka. Ainue godoro la deka, sehemu ambayo wengi hawaitazami, na kutafuta madoa meusi kwenye mbao. Manukato makali ndani ya karavani iliyofungwa ni sababu ya kurudia ukaguzi. Ukungu si suala la sura. Huduma ya afya ya Uingereza inawataja watoto wachanga na wadogo miongoni mwa wanaodhurika haraka nao, na nchi nzima ilishtuka mwaka 2022 pale mchunguzi wa vifo alipothibitisha kwamba mtoto wa miaka miwili wa Rochdale alifariki kwa sababu ya kuvuta ukungu nyumbani kwao. Ile ilikuwa nyumba ya kupanga, lakini pafu la mtoto halitofautishi, na uso wa anayelala kwenye deka ya chini uko shubiri moja kutoka ukutani.

Je, si ndiyo sababu ya kununua mpya? Mpya hutolewa na dhamana, kwa kawaida miaka 3 ya vifaa na 6 hadi 10 ya maji kuingia, na watengenezaji wakubwa wamekuwa wakiacha mbao: Bailey ya Bristol ilileta bodi yake ya fremu ya alumini mwaka 2009, na Swift ya Cottingham ikafuata kwa namna yake. Hoja hiyo ni nzito, na mwenye zaidi ya pauni 20,000 bila kukopa simkatazi. Ila dhamana hudumu kwa sharti la huduma ya kila mwaka kwenye karakana iliyoidhinishwa, gharama ambayo haimo kwenye bei ya dukani, na thamani hushuka kwa kasi zaidi miaka ya mwanzo, ileile ambayo familia bado inajifunza kugonga nguzo. Iliyotumika miaka saba hadi kumi na miwili, yenye daftari lililogongwa mhuri kila mwaka pamoja na vipimo vya unyevu, inatoa ushahidi ambao mpya haiwezi kutoa: imenyeshewa miaka kumi na bado ni kavu. Uhakika wa umiliki ni jambo jingine. Karavani Uingereza haina kadi ya serikali kama gari. Hubeba namba ya gari linaloivuta. Zilizotengenezwa na wanachama wa baraza la watengenezaji tangu 1992 zimesajiliwa kwenye orodha iitwayo CRiS, na namba yake ya herufi na tarakimu 17 huchorwa kwenye chesi na vioo. Namba za sehemu zote ziwiane, na orodha iulizwe kama kuna deni au ripoti ya wizi, kabla ya pesa kutoka. Tairi zina namba nne za wiki na mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Zilizopita miaka mitano zihesabiwe kwenye bei hata kama bado zina kashata, kwa kuwa tairi za karavani huzeeka zikiwa zimesimama.

Hesabu zote hizi zikiwekwa pamoja, familia nyingi zenye gari la kawaida hujikuta kwenye karavani ileile: ekseli moja, uzito wa juu kati ya kilo 1,200 na 1,450 kulingana na gari, iliyotumika, kavu, yenye deka za kudumu nyuma na mlango wa kushoto. Ekseli mbili hutulia zaidi barabarani, lakini ni nzito, hazisogezwi kwa mikono, na baadhi ya kambi hazizipokei. Kabla ya kununua, ikodiwe yenye mpangilio huohuo kwa wikiendi, na wala si Agosti. Watoto ambao hawajaanza shule hawafungwi na kalenda ya muhula, kwa hiyo Mei, mwanzo wa Juni na Septemba ni miezi yao, kambi zikiwa na nafasi na bei zikiwa zimeshuka. Zile ndogo za mashambani zenye ruhusa ya kupokea karavani tano tu huwa tulivu wakati huo, ingawa nyingi hazina bafu la pamoja wala pa kuchezea. Mwenye kukodi Oktoba, mvua ikinyesha, atajua katika siku mbili kama pazia la deka linatosha, kitanda cha mtoto kinaingia wapi, nani anaamka umeme unapokatika, na kama mizigo ilienea. Akirudi na majibu hayo kwa muuzaji, akaulizwa mko wangapi, anaweza kujibu kwa kutaja kilo.